Chafya ya Pili

Mwanangu,

Habari za sweta, za pasipoti, na za namba utakazopiga ukifika, utazipata kwa mama yako. Ameziandika kwenye karatasi tatu, na moja nimemwona akiishonea ndani ya mfuko wa koti lako. Mimi sina la kuongeza huko. Sasa hivi ni saa kumi jioni, mvua imeanza kupiga mabati, na nyinyi wawili mko Sotik mnatafuta sanduku ambalo magurudumu yake hayatang'oka kabla ya Nairobi. Nina kama saa mbili kabla hamjarudi. Kesho asubuhi unaondoka, na kuna jambo ambalo nimelikalia tangu ulipokuwa na wiki sita duniani.

Ningekuambia kwa mdomo. Nimejaribu. Wiki iliyopita nilikufuata shambani ukiwa unachuma majani na mama yako, nikasimama katikati ya mistari ya chai kama afisa aliyekuja kukagua. Ukaniuliza, "Baba, uko sawa?" Nikasema nimekuja kuangalia kama kuna magugu. Ukacheka, "Magugu gani sasa, na wewe hujashika jembe tangu Krismasi?" Nikarudi nyumbani na jambo langu. Mimi ni mwoga wa maneno ya ana kwa ana, na hilo ni aibu kwa mtu aliyewahi kufundisha watoto kusimama jukwaani na kusema.

Nianze na insha yako. Chuo cha Uingereza kilikuuliza kwa nini unataka kuwa mwongozaji wa filamu, ukakaa jikoni siku mbili sufuria zikiungua, kisha ukatusomea. Uliandika kwamba wewe ulipewa jina mbele ya kamera. Kwamba bibi zako walikuitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, kama Wakipsigis wanavyofanya, wewe ukanyamaza tu, mpaka walipotaja Tabutany ukapiga chafya, na kwa chafya hiyo wote wakajua ni nani amerudi. Na kwamba Mwingereza mmoja alikuwa pale na kamera yake, hakuingilia, akaliacha jambo litokee lenyewe. Ukamalizia kwa kusema hiyo ndiyo kazi unayoitaka. Mama yako alijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Mimi nilisema Kiingereza chako kimenyooka, nikatoka nje kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Chuo kikakukubali. Sasa juzi wamekuandikia tena. Mwezi ujao wana jioni ya kumheshimu mzee Edmund Tarrow, Mwingereza yule mwenyewe, ambaye alimalizia kazi yake kwa kufundisha pale. Wataonyesha kipande kile cha chafya, kisha wanakuomba wewe, mtoto mwenyewe, usimame uwaeleze watu. Ulirukaruka mpaka kuku wakatawanyika. Mwanangu, ukisimama pale ukaeleza kama ulivyoandika, utakuwa umesema uongo mbele ya watu wazima walioacha shughuli zao kuja kukusikiliza. Na uongo wenyewe si wako, ni wangu mimi.

Tarrow wa vitabuni unamjua kuliko mimi. Unajua alizaliwa katika mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, baba yake akiuza nyama, na kwamba alianza kwa kufagia jukwaa la ukumbi mdogo ambao paa lake lilivuja. Unajua alivyoongoza michezo katika chumba kilichokuwa juu ya baa, watazamaji ishirini kwenye viti vya kukunja, mpaka mmoja ukazungumzwa na kuhamishiwa London. Unazijua filamu zake za mwanzo, zile za wafanyakazi wa bandarini. Mimi nilimpata baadaye. Aliyekuja huku kwetu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, filamu zake mbili za mwisho zilikuwa zimeanguka, mke amemwacha, na alikuwa ameweka roho yake yote kwenye filamu hii ya mwanamke mchuma chai. Watu walimwita Arap Kahawa, yaani mwana wa Kahawa, kwa sababu alifika katikati ya chai yote hii akaomba kahawa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fasihi katika sekondari moja karibu na Mogogosiek. Mwaka ule mchezo wa wanafunzi wangu ulifika ngazi ya mkoa, kichwa kikavimba. Tarrow alitafuta mtu wa kumtafsiria na kumwandalia watu, akaelekezwa kwangu, na mimi nikaomba likizo shuleni kabla hajamaliza sentensi. Alinipa cheo cha msaidizi wa mwongozaji. Nilikitamka cheo hicho kila mahali, hata kwa kinyozi.

Sitamsema vibaya. Sikuwa nimewahi kuona mtu akifanya kazi vile. Alikuwa anakaa chini na wachumaji anawauliza kamba ya kikapu inauma wapi, begani au kwenye paji la uso, kisha anamfundisha mwigizaji aumie palepale. Siku moja mama mmoja, katikati ya kupigwa picha, alisimama akavua gambuti akamwaga kijiwe. Mimi nikaanza kumfokea. Tarrow akanishika mkono. Kijiwe kile kimo ndani ya filamu, umekiona. Nilikuwa narudi nyumbani kila jioni nikimwambia mama yako kwamba sasa nimejua nilizaliwa kufanya nini. Na Tarrow aliniambia, kwa mdomo wake, kwamba akipata kazi nyingine atanihitaji kwao. Nadhani alimaanisha.

Wewe ulizaliwa wiki ya tatu ya kazi hiyo.

Hapa nikueleze vizuri, kwa sababu mambo haya sikukufundisha, na sababu ya kutokufundisha utaiona. Jina lile la ukoo, kurenet, huitwa mapema, mtoto akiwa bado mchanga kabisa. Ni kazi ya wanawake, ndani ya nyumba. Wanaita majina ya watu wetu waliokufa, na mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, huyo ndiye amekuja. Baba hukaa nje. Akiitwa, anaambiwa ni nani amefika, basi.

Katika hadithi ya Tarrow kulikuwa na mahali ambapo yule mchuma chai anapata mtoto na mtoto anaitwa jina. Alipanga kutumia mdoli uliofungwa blanketi, na sauti ya chafya aitie baadaye. Mimi ndiye niliyemfuata. Hakuniomba. Nilimwambia, "Mimi nina mtoto mchanga ambaye hajaitwa jina. Unaweza kupata kitu cha kweli." Akanitazama, akauliza kama mama yangu atakubali. Nikasema atafurahi sana.

Nikaenda kwa kogo yako, mama yangu, nikamwambia asiite kwanza. Alidhani ni siku mbili tatu. Zikawa wiki sita, kwa sababu kulikuwa na sehemu nyingine za kumaliza, na mvua, na jenereta iliyokwama matopeni. Ulilia wiki hizo zote. Mama yako, ambaye kwao ni Kisii na mambo haya hakukua nayo, alidhani ni tumbo, akakupa dawa ya tumbo. Aliniuliza kama desturi inaruhusu kungoja hivyo. Nikamwambia inaruhusu. Kogo alisema maneno machache tu: "Huyu analia kwa sababu kuna mtu amesimama nje na mlango mmeufunga." Nikamwambia atulie, wageni wanakuja Alhamisi.

Alhamisi hiyo, nyumba ya kogo ilijaa nyaya. Taa moja kubwa iliwekwa nje ya dirisha ili ionekane kama jua. Mama yako aliketi kwenye kigoda akiwa amekupakata; uso wa mwigizaji ulipigwa picha siku nyingine, lakini mikono ile unayoipenda ni ya mama yako. Walikuwepo kogo, dada yangu, shangazi yako unayemwita Senge, na wanawake watatu wa ukoo. Na mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa na karatasi mkononi na nilijiona mtu muhimu.

Mpiga picha alikuwa anabadilisha filamu, mikono yake yote miwili imo ndani ya mfuko mweusi wa kuzuia mwanga. Wewe ulianza kuhangaika. Kogo hakungoja mtu. Aliinama akaanza kukuitia majina, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza mlangoni. Akaita la kwanza, la pili, la tatu. Akaita Tapkigen. Ukapiga chafya. Hakuna aliyekuwa amekugusa pua.

Wanawake wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi. Kogo akakuchukua kutoka kwa mama yako, akakuweka shavuni. Tapkigen alikuwa bibi yangu, mama mkwe wa kogo. Ndiye aliyempokea kogo akiwa binti wa miaka kumi na sita ambaye hakujua hata kusafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na kila alipoharibu, Tapkigen alisema ni yeye mwenyewe ameharibu. Hakumsema kwa mume hata siku moja. Alipokufa, kogo alimlilia kuliko alivyomlilia mama yake mzazi. Sasa alikuwa amemshika mkononi, anamwambia karibu.

Tarrow aliuliza kicheko kile ni cha nini. Nikamwambia, "Wanafanya mazoezi." Mama yako, ambaye lugha yetu ilikuwa bado haijamwingia, naye aliamini hivyo.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hapana, najua. Jina lililokuwa kwenye karatasi yangu lilikuwa Tabutany. Wakati wa kutafsiri hadithi, Tarrow aliniuliza bibi wa yule mchuma chai aitwe nani, nikatoa la kwanza lililonijia. Halikuwa la mtu yeyote wa kwetu. Lilikuwa limeshatamkwa na waigizaji katika sehemu nne zilizokwisha kupigwa picha, na kuzirudia zote kwa sababu ya chafya kusingewezekana. Zaidi ya hayo, kamera haikuwa imeona kitu. Kwa kichwa changu cha wakati ule, jambo ambalo kamera haijaliona lilikuwa bado halijatokea.

Mpiga picha akasema yuko tayari. Nikawaambia wanawake waanze upya, na wakifika Tabutany wapunguze mwendo. Kogo akanitazama. "Si ameshakuja? Sasa mnamwita nani mwingine?"

"Mama, kamera haikumwona. Rudieni tu, ni dakika moja."

"Kamera ni nani katika ukoo huu?"

Alikurudisha kwa mama yako, akaenda kukaa kando ya ukuta, akageuza uso. Tarrow akaniuliza kuna shida gani. Nikasema hakuna shida, mama amechoka kidogo. Na hapa nataka usikie vizuri, kwa sababu utakutana naye na ni haki yake. Tarrow alisema, "Kama hataki, tuache. Nitatumia mdoli." Aliyasema mara mbili. Mimi nikacheka, nikamwambia wazee wetu ndivyo walivyo, wanapenda kubembelezwa.

Nilimgeukia Senge. Nilimwambia kwamba Mzungu huyu atanipeleka kwao, na nikifika huko watoto wake watasoma. Alikuwa mdogo wangu, mjane, na aliniamini. Akaanza kuita. Alipofika Tabutany nilikuwa nimeshapiga magoti karibu yako, nje ya picha, na ugoro kwenye ncha ya kidole, ambao nilimwambia mama yako ni wa desturi. Ulipiga chafya tatu mfululizo, kisha ukalia mpaka ukapoteza sauti. Tarrow alikuwa anatokwa machozi. Kila mtu alikuwa anapeana mikono, na mimi nilipeana mikono kuliko wote.

Yule mwanamke mzee kando ya ukuta, ambaye kamera ilimpata pembeni, ndiye kogo. Umeandika ukurasa mzima juu ya uso ule. Ukasema ni uso wa mtu aliye mbele ya jambo kubwa kumzidi. Mwanangu, uso ule ni wa mtu aliyekasirika na mwanawe.

Nilipokupeleka kubatizwa niliandikisha Mercy, halafu Tabutany. Ningeweza kurekebisha siku ile. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Lakini Tarrow alikuwa bado hajaondoka, alikuwa anakuita Tabutany akikubeba, na nilidhani jina hilo ni kamba inayonifunga kwake. Baadaye ulipokua ukaacha Mercy, ukasema ni jina la padri, ukabaki na lile moja. Ukaliandika kwenye mabango ya michezo yako katika chuo chako cha kwanza hapa nchini, kwa herufi kubwa. Kila bango nililisifu.

Alirudi kwao. Mimi nikaacha kazi ya ualimu. Hilo hujawahi kuambiwa hivyo. Uliambiwa shule ilipunguza walimu. Niliandika barua ya kujiuzulu mwenyewe kwa sababu nilikuwa nangoja kuitwa Uingereza, na sikutaka kuitwa nikiwa katikati ya muhula. Filamu ilionyeshwa mahali pachache, ikasemwa ni ndefu na ya huzuni, ikawekwa kabatini. Hakuna aliyempa Tarrow filamu nyingine. Alirudi kwenye kumbi ndogo, akawa anaongoza michezo miji ya pwani ambako watu huja kukwepa mvua, kisha hata hizo zikafungwa. Alikuwa ananiandikia kadi, na ndani ya bahasha alitia programu za michezo yake, mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja. Hakuwa na pa kuniitia. Mimi nilimlaumu miaka mingi, nikalewa kwa kumlaumu, nikamwambia mama yako maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwisho nikawa karani kwenye kituo cha kununulia majani, nikapima vikapu vya watu, na ndiyo kazi unayonijua nayo.

Katika barua yake moja aliandika kwamba kama kila kitu alichowahi kutengeneza kingeungua, jukwaani na kwenye filamu, angetaka ibaki chafya ile tu, kwa sababu ndicho kitu kimoja ambacho hakukitengeneza. Niliisoma nikiwa nimesimama kituoni, watu wamepanga foleni na majani yao. Sikumjibu.

Sasa la kogo. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kuliko hata chuo.

Ulikua ukijua kwamba kogo hakupendi. Hakuwahi kukuita jina. Binamu zako aliwaita wote kwa majina, wewe alisema "lakwet", mtoto, au alisema "wewe uliye hapo". Ulimfulia, ukamchotea maji, ulimletea maziwa kila jioni ya likizo, na bado. Ukiwa darasa la tano uliniuliza ulimkosea nini. Nilikuambia wazee huchoka na watoto. Ukweli ni kwamba jina lile la karatasini lilikuwa haliingii mdomoni mwake, na lile la kweli nilikuwa nimemkataza. Nilimkataza, ndiyo. Nilimwambia atakuchanganya kichwa.

Unakumbuka siku ile wodini. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umevaa sare ya shule. Kogo alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Ukamshika mkono, akafumbua macho akakutazama, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kitanda cha pili, "Tapkigen. Njoo karibu."

Ukasema, "Kogo, ni mimi. Ni Tabutany."

Akakutazama kwa muda. Kisha akageuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye miguu ya kitanda, hatua mbili tu kutoka kwenu.

Nilikukuta kwenye veranda ya hospitali. Ulisema, "Hata saa hii hanijui. Anaita watu wa zamani. Baba, huyu mtu hajawahi kunipenda." Ulikuwa hulii, na hilo liliniumiza zaidi. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Kogo alikuwa bado hai, hatua thelathini kutoka tulipokaa, na ungeweza kurudi ukamwitikia. Badala yake nikaenda kwenye duka la nje nikakununulia soda. Alikufa kabla ya giza kuingia.

Alikuwa anakuita wewe. Kati ya watu wote waliokuwa wamekizunguka kitanda kile, alimtaka mmoja, na ni wewe, na wewe ulikwenda ukiamini amemtaka mtu mwingine. Nimekaa na hilo miaka sita. Kuna siku kituoni nikiwa nimeshika kitabu cha mizani nasahau namba niliyotoka kuisoma, watu wanadhani macho yangu yameanza kwenda. Kama unataka kujua kwa nini mimi ni mtu wa kukaa kimya mezani, ni hapo tu.

Nilimwambia mama yako Jumapili. Aliacha kukunja nguo. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii umeniacha niite mtoto wangu jina la karatasi? Na yule mama nikamwona mkali bure?" Kisha akavaa gambuti akaenda shambani, na tangu siku hiyo ananiongelesha mambo ya maji na kuni peke yake. Aliniambia atakaa kimya mbele yako mpaka Ijumaa, na kama mimi sitasema, atasema yeye. Kesho ndiyo Ijumaa.

Unakwenda kujifunza kazi ambayo mimi niliionja kwa miezi mitatu nikaumwa nayo maisha yote. Sina mamlaka ya kukufundisha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba utafika siku ambayo jambo litatokea kabisa, zuri kabisa, na mtu wako atakuwa na mikono ndani ya mfuko. Utaumia. Utawatazama watu wale, na watakuwa tayari kurudia, kwa sababu watu ni wema, au wanakuogopa, au wamekuamini kama Senge alivyoniamini. Sijui utafanya nini. Natamani siku hiyo ukumbuke uso ulioandikia ukurasa mzima, sasa ukiujua.

Kuhusu jioni ile ya chuo, sikuambii useme wala usiseme. Tarrow ana karibu miaka themanini, na nasikia anatembea kwa kushikwa. Sijui kama ni haki kumwambia mtu wa umri huo kwamba kitu chake kimoja cha kweli kilitiwa ugoro. Sijui pia kama ni haki kumwacha apigiwe makofi kwa sababu yangu. Nimelifikiria mpaka nimechoka, na sasa nakuachia wewe, nikijua ni mzigo ambao mzazi hapaswi kumtwisha mtoto anayesafiri. Ukitaka nimwandikie mimi mwenyewe, nitumie ujumbe wa neno moja, nitaandika siku hiyohiyo.

Senge yako anakuja leo kutoka Chebunyo. Nilimpigia simu Jumatatu nikamwomba msamaha. Ndipo akaniambia kwamba yeye pia amekuwa akiliota jambo hilo, na kwamba kogo, kabla hajafa, alimwachia neno: siku moja mwite. Kesho alfajiri ataingia chumbani kwako, yeye na mama yako. Nilimuuliza kama mtu mzima bado anaweza kuitwa. Akasema kwa mtu mzima hakuna chafya, hakuna ugoro. Ataita jina tu, na wewe utaitika au hutaitika. Hakuna atakayekulazimisha. Ukikataa, wewe ni Tabutany, uliyelibeba jina hilo miaka ishirini na miwili na kulifanyia kazi, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuvua.

Mimi nitakuwa uani, karibu na gari, mahali nilipotakiwa kuwa toka mwanzo. Nikisikia umeitika, nitajua anayesafiri ni nani. Nikisikia kimya, nitakuja nichukue sanduku lako, nilipakie, nikufungulie mlango, na nitakuita mwanangu, kwa sababu hilo peke yake sikulitunga.

Baba yako.